Kabla ya kutetea utafiti wako: hiyo mutate ni ya nani?

Kila wiki za kutetea tafiti zinapokaribia, maabara ya kompyuta hujaa watu wenye sura moja. Skripti iliyokuwa inakwenda vizuri mwezi uliopita, leo inagoma. Ukiuliza nini kimebadilika, jibu ni lile lile: "Sijagusa kitu, nimeapdeti tu." Na ushauri wa kaka na dada zetu wa mwaka wa juu nao ni ule ule: rudisha toleo la zamani, funga mjadala, kalale.

Mimi nasema ushauri huo ni mbovu. Tena nasema aliyegomewa na skripti ana nafuu kuliko jirani yake ambaye ya kwake imekwenda mpaka mwisho, ikatoa jedwali zuri, na jedwali lenyewe si la kweli.

Msomaji wa sheria au fasihi asinikimbie. Maktaba ya programu si lile jengo lenye vitabu na mlinzi anayekukagua begi. Ni mkusanyiko wa kodi zilizoandikwa na wengine, ambazo wewe unaziita kwa majina zikufanyie kazi: piga wastani, chora grafu, chuja data. Watumiaji wa R huziita pakeji. Kila kazi ndani yake ina jina, na kwa kuwa majina mafupi ya Kiingereza yanayofaa kazi hizi si mengi, watunzi wawili wasiojuana hujikuta wameshika jina moja. Mtu wa kitivo cha elimu anayepima kama dodoso lake linaaminika anaita alpha, ile ya Cronbach, kutoka pakeji ya psych. Anayechora grafu kwa ggplot2 naye ana alpha, ila hii ya kwake inapunguza ukolezi wa rangi. Jina moja, kazi mbingu na ardhi.

Sasa, ukisimama kantini saa saba mchana ukaita "Neema!", watageuka watatu, nawe utasema unamtaka yupi. Kompyuta haina utaratibu huo. R ikishaangalia vitu ulivyoviunda mwenyewe, inakwenda kwenye pakeji uliyoipakia mwisho, halafu iliyotangulia hiyo, hivyo hivyo kurudi nyuma, kama kondakta wa daladala anayeanza na abiria aliye mlangoni. Ikimkuta mwenye jina hilo inamchukua huyo huyo. Haiulizi. Kwa hiyo mistari ile ya juu ya skripti, ambayo wengi wetu tunaibandika kutoka kwenye madesa bila kuitazama, ndiyo inayoamua utafiti wako unasema nini. Hamisha mistari miwili nafasi na unaweza kupata majibu mengine.

Kuapdeti kunaingiaje hapo? Watunzi huongeza kazi mpya katika matoleo mapya. Toleo la 1.1.0 la dplyr, la Januari 2023, lilikuja na pick na reframe, majina ambayo hayakuwemo kabla. Pakeji mbili zilizoishi miaka bila ugomvi zinaamka asubuhi moja zina jina la pamoja, na wewe unayezitumia zote mbili ndiye unayeletewa kesi. Hujagusa kitu, kweli. Lakini kuna mtu ameingia chumbani.

Migongano mingine hupiga kelele, na hiyo mimi naiita rehema. Tarehe 27 Juni 2018 lilitoka toleo la 3.7 la Python, ambalo ndani yake async likawa neno la lugha yenyewe, huruhusiwi tena kulitumia kama jina la kitu chako. Si kwamba watu hawakuambiwa. Neno lilianza kupewa kazi yake tangu toleo la 3.5 mwaka 2015, na toleo la 3.6 lilikuwa linatoa onyo. Hata hivyo Celery ilikuwa na sehemu yake iitwayo async, na TensorFlow ilikuwa na jina hilo hilo ndani ya faili lake moja. Wote wawili waligoma, kosa la sarufi mstari fulani, mpaka watunzi walipobadilisha. Celery wakaiita yao asynchronous, kirefu chake, basi yakaisha. Aliyekumbana na hilo alipoteza usiku mmoja, labda na bando lake, lakini hakupeleka jibu la uongo kwa msimamizi.

Kuna nyingine naipenda zaidi, ya enum34. Pakeji hii ilitengenezwa ili kuwasaidia wenye Python za zamani ambazo hazikuwa na enum. Baadaye Python ikapata enum yake, na kufikia toleo la 3.6, Desemba 2016, enum hiyo ilikuwa na vitu vipya ambavyo sehemu nyingine za lugha zilivitegemea. Kwenye kompyuta ambazo enum34 ilikuwa bado imo, Python ilimkuta mgeni kwenye kiti cha mwenye nyumba, ikamwomba IntFlag, mgeni akasema sina. Programu ikafa hata kabla ya kuanza. Dawa ilikuwa kumtoa mgeni, amri ya mstari mmoja.

JavaScript walikwenda njia ya kinyume. Mwaka 2018 walitaka kuongeza kwenye lugha kazi iitwayo flatten, ikagundulika kwamba maktaba ya zamani, MooTools, ina flatten yake, na toleo la majaribio la Firefox likavunja tovuti iliyokuwa bado inaitegemea. Kukawa na malumbano, mmoja akatania iitwe smoosh, mwishowe wakaafikiana iwe flat. Wenye lugha ndio waliosogea, si mwenye tovuti. Nimelitaja hili kwa sababu baadhi yetu humu chuoni tunadhani jina ni pambo tu, wakati wazee wa fani wanakaa vikao kwa ajili ya neno moja.

Lakini hayo yote, narudia, ni ya kelele. Turudi kwenye ya kimya, kwa sababu tafiti zetu za afya, uchumi, kilimo na elimu ndiko ziliko.

Hadley Wickham alitengeneza pakeji iitwayo plyr. Januari 2014 akatoa mrithi wake, dplyr, na kwa makusudi mema kabisa mrithi akabaki na majina ya mzee: mutate, summarise, arrange. Tofauti kubwa ni kwamba dplyr inajua makundi. Ukiiambia kwa group_by kwamba data yako ina vijiji vitatu, mutate yake itapiga wastani kijiji kwa kijiji. Mutate ya plyr haiyajui makundi hayo. Ikipewa data hiyo hiyo inapiga wastani wa watu wote kwa pamoja, inauandika kwenye kila mstari, na inanyamaza.

Tuseme umepima uzito wa watoto katika vijiji vitatu, idadi sawa kila kijiji. Wastani wa kijiji cha kwanza ni kilo 10, cha pili 12, cha tatu 14. Unataka kujua kila mtoto yuko juu au chini ya wenzake wa kijijini kwake. Mtoto wa kilo 11 katika kijiji cha kwanza yuko juu ya wenzake kwa kilo moja. Mutate ikiwa ya dplyr, jibu ni hilo. Ikiwa ya plyr, wastani ni 12 kwa kila mtu, na mtoto yule yule anaandikwa yuko chini kwa kilo moja. Hakuna maandishi mekundu. Safu imejaa, desimali zimekaa, grafu inapendeza. Sura ya nne inaandikwa, sura ya tano inatoa mapendekezo kwa halmashauri, na kijiji chenye hali ngumu kinalinganishwa na kitu ambacho mtafiti hakukusudia.

Utasema, mimi situmii plyr, hiyo ya zamani. Pengine hujaiandika popote. Ila kuna pakeji inaitwa Rmisc, ambayo wengi wanaitumia kwa ajili ya summarySE, kupata wastani na kosa sanifu kwa haraka. Ukiipakia Rmisc, inakuja na plyr mkononi. Ikipakiwa baada ya dplyr, mutate, summarise na arrange zote zimebadilika mwenyewe, na jina plyr halionekani kwenye skripti yako hata mara moja.

Kwa haki, plyr yenyewe inatoa tahadhari: inakuambia umeipakia baada ya dplyr na kwamba huenda ikaleta matatizo, anza na plyr kwanza. Tatizo ni sisi. Ujumbe unaotoka wakati wa kupakia pakeji tumezoea kuupita kama matangazo ya mtandao wa simu. Na tunaoandika ripoti humo humo ndani ya R tunauzima kabisa ili ukurasa uwe safi. Sijui nani alianza kutufundisha kuuzima. Uzuri wa ripoti umelipiwa kwa kumziba mdomo shahidi.

Watu wa uchumi wana lag. Ile inayokuja na R, ya stats, imetengenezwa kwa mfululizo wa wakati: inasogeza kalenda, thamani zinabaki pale pale. Ya dplyr inazisogeza thamani zenyewe mstari mmoja. Ukitaka bei ya mwezi uliopita ikae pembeni ya bei ya mwezi huu, unahitaji ya dplyr. Ukichanganya kwa upande mmoja utapona, maana ukiipa lag ya dplyr mfululizo wa wakati inakataa na hata kukuuliza kama ulitaka ya stats. Ukichanganya kwa upande wa pili, ukaipa ya stats safu ya kawaida, haisemi neno. Inakurudishia namba zile zile, nawe unafanya rigresheni ya bei ya mwezi huu dhidi ya bei ya mwezi huu huu, halafu unashangilia jinsi modeli ilivyokaa.

Wenye Python nao wasicheke. Anayeandika from numpy import * anabadilisha sum ya lugha kwa sum ya NumPy. Ipe orodha ya 2, 4 na 6, na -1 kama kitu cha pili: sum ya kawaida inaanza kuhesabu kutoka -1 na kukupa 11, ya NumPy inaichukulia -1 kuwa ni namba ya mhimili na kukupa 12. Zote mbili ziko sahihi kwa mujibu wa mwenyewe.

Ndiyo maana ule ushauri wa kurudisha toleo la zamani unaniudhi. Unachofanya hapo ni kurudisha bahati. Kama skripti yako ilikuwa inapata mutate sahihi kwa sababu tu ya mpangilio wa mistari, kurudi nyuma hakujaondoa utata, kumeuficha mpaka utakapobadilisha laptopu. Na mdogo wako wa mwaka kesho atakayeendeleza mradi huo ataweka pakeji kutoka CRAN kama watu wote, atapata toleo jipya, naye atakesha. Sizungumzii kuyafunga matoleo kwa makusudi na kuyaandika. Hilo ni jambo jema na nitalifikia. Nazungumzia kukimbia.

Kundi la pili, lile la "apdeti kila kitu kila Ijumaa", nalo halina nafuu, hasa lile linaloapdeti wiki ya kuwasilisha. Jamani, wiki hiyo iacheni kompyuta ipumzike.

Dawa yenyewe ni ndogo kiasi cha kutia aibu. Andika jina la mwenye kazi. Katika R unaweka jina la pakeji, nuktambili mbili, halafu jina la kazi: dplyr::mutate, dplyr::lag, psych::alpha. Hapo mpangilio wa kupakia hauna tena neno, plyr iingie na Rmisc au isiingie. Ni kama orodha ya matokeo ubaoni: hakuna anayetafuta "Neema", unatafuta namba ya usajili. Ila ukianza, endelea mpaka ndani. Mtu anaandika dplyr::mutate nje, halafu ndani ya mabano anaacha lag tupu, tena hajaipakia dplyr. Mutate imepatikana kwa jina kamili, lag imechukuliwa ya stats. Ametibu mguu mmoja.

Kwa asiyejiamini kukumbuka, ipo pakeji iitwayo conflicted. Ukiipakia, kila jina lenye wenyewe wawili linageuka kuwa kosa. R inasimama, inakutajia wanaogombea, na haiendelei mpaka umchague mmoja kwa conflicts_prefer. Yaani inaugeuza mgongano wa kimya kuwa wa kelele, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Na R yenyewe tangu toleo la 3.6.0, mwaka 2019, ina mpangilio uitwao conflicts.policy wa kuzuia pakeji zisifunikane kiholela, na ukipakia pakeji unaweza kutaja kazi unazozitaka tu. Kwenye Python ni kuiacha ile nyota: andika import numpy as np, kisha np.sum, msomaji ajue.

Halafu kila mradi uwe na pakeji zake, kwa renv upande wa R au venv upande wa Python, ili mradi wa somo moja usiambukizwe na uapdeti wa somo jingine. Na ukiamua kuapdeti, apdeti ukiwa na data ndogo pembeni ambayo majibu yake unayajua kwa kichwa. Vijiji vitatu vya hapo juu vinatosha. Kama safu haikukupa 10, 12, 14, usiiguse data halisi.

Najua majibu nitakayopewa. Eti inachosha kuandika majina marefu. Unaandika kurasa 60 za tasnifu zenye shukrani kwa Mungu, wazazi na roommate, halafu herufi saba za ziada ndizo zinakuchosha? Eti bando. Nuktambili haziombi intaneti. Eti msimamizi wangu mwenyewe hatumii R, anatumia SPSS, hatajua tofauti. Hili ndilo zito, na ndilo linalonifanya niandike hapa badala ya kunong'ona maabara. Kama msimamizi hawezi kuiona tofauti na mwanafunzi haijui, basi kati ya data na shahada hakuna mtu aliyesimama.

Wengine watasema ni kazi ya wahadhiri wa kompyuta kufundisha haya. Nakubali nusu. Wanaoteseka zaidi si wanafunzi wa kompyuta. Wale huzoea makosa mekundu mapema. Ni wale wa afya ya jamii, kilimo na elimu, wanaopewa R katika somo la takwimu kwa wiki chache, tena kwa madesa ya miaka mingi iliyopita ambayo bado yanaanza na plyr. Madesa hayo yalikuwa sahihi yalipoandikwa. Aliyeyarithi akaongeza dplyr juu yake bila kufuta ya chini, na sisi tunarithishana hivyo hivyo kama vile ni hati takatifu.

Kwa hiyo naiomba kamati ya taaluma ya serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja mbili kwenye idara zinazofundisha takwimu. Kwanza, kila tasnifu yenye uchambuzi wa namba iambatanishe skripti nzima, pamoja na orodha ya pakeji na matoleo yake. Katika R ni kile kinachotolewa na sessionInfo, kwenye Python ni pip freeze. Zote ni amri za mstari mmoja na majibu yake yanaingia kwenye kiambatisho bila shida. Pili, madesa ya takwimu yapitiwe kabla ya muhula kuanza kwa kuyaendesha kwenye kompyuta za maabara kama zilivyo siku hiyo, si kama zilivyokuwa siku yalipoandikwa. Kompyuta hizo huwa zinawekewa matoleo mapya wakati wa likizo, na sisi tukirudi tunakuta mazingira mengine bila tangazo lolote ubaoni.

Idara zikichelewa, kamati inaweza kuanza na kinachowezekana bila kikao. Fomu ya kuwasilisha rasimu ina nafasi ya saini ya mwanafunzi na ya msimamizi. Katikati pana nafasi ya kutosha mstari mmoja: skripti imeendeshwa upya, kwenye R au Python iliyofunguliwa upya, kwenye kompyuta isiyo ya mwanafunzi, na imetoa majedwali yale yale. Mwenzako wa chumba anaweza kuwa shahidi. Ni kazi ya nusu saa, na kwa anayetetea mwezi ujao muda bado upo.